Oili Ipi Yafaa Injini ya Gari Kuukuu la Malazi?

Somo kwa wenye magari, madereva na mafundi

Mtu anunuapo gari kuukuu hutazama kwanza rangi yake, magurudumu yake na bei yake. Akiwa mwangalifu zaidi, husikiliza jinsi injini inavyonguruma. Lakini ni wachache waulizao: "Injini hii yataka oili ya namna gani?" Wasiouliza swali hilo mara nyingi hulipia baadaye, tena hulipia sana, kwa maana injini iliyoharibika kwa kukosa oili ifaayo haiponi kwa kutiwa oili nzuri siku ya pili yake. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kuchagua oili ya injini, hasa kwa gari kuukuu la malazi. Gari la malazi ni lile lililofanyizwa kitanda, kabati, jiko dogo na tangi la maji ndani yake, ili watu waweze kusafiri na kulala humo humo. Hata hivyo, mwenye lori, matatu au motokaa ya kawaida asiliache somo hili, kwa kuwa kanuni zake ni zile zile. Tutasema "oili" badala ya "mafuta", ili msomaji asije akachanganya mafuta ya kulainisha injini na petroli au dizeli inayochomwa ndani yake.

Shauri letu kuu ni moja: oili huchaguliwa kwa kuitazama injini, wala si kwa kutazama bei ya debe, au uzuri wa picha iliyo juu yake, au upya wa namna ya oili yenyewe. Mwenye gari ayajue mambo manne: injini yake ilitengenezwa mwaka gani na kwa namna gani; imechakaa kiasi gani; yafanya kazi katika joto gani; na gari latumiwaje. Akiyajua hayo, debe lenyewe litamwambia yaliyobaki.

Kazi tano za oili

Watu wengi hudhani kwamba oili ina kazi moja tu, yaani kulainisha. Kwa kweli ina kazi tano.

Kwanza, huweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma, ili visisagane. Pili, huchukua joto kutoka mahali pasipoweza kupozwa na maji wala hewa, kama vile chini ya pistoni na kwenye beringi. Tatu, husafisha, kwa kuchukua masizi na uchafu na kuushika usigande. Nne, huziba nafasi ndogo iliyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ili nguvu ya moto isipotee. Tano, hulinda chuma kisipate kutu injini inaposimama.

Oili isiyofaa yaweza kufanya kazi moja vizuri na kushindwa nyingine nne. Ndiyo sababu dereva husema, "Injini yangu ina oili tele," na huku injini hiyo inakufa.

Kwa nini gari la malazi lataka uangalifu zaidi

Gari la malazi lina tabia mbili zisizopatana. Likisafiri, hufanya kazi nzito kuliko motokaa ya kawaida, kwa sababu siku zote limepakiwa: kitanda, maji, vyombo, gesi ya kupikia na watu. Likirudi nyumbani, husimama miezi mitatu au minne bila kuwashwa, mpaka likizo nyingine.

Kazi nzito hupasha oili moto sana. Fikiri juu ya njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ambayo ni kama kilomita 480. Gari huanza karibu na usawa wa bahari katika joto la pwani, likapanda Mazeras na Mariakani, likavuka nyika ya Taru na Tsavo katika jua kali, likafika Nairobi mahali palipo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Njia yote hiyo ni ya kupanda kidogo kidogo, na injini haipumziki.

Kusimama nako kuna hatari yake. Hewa ya unyevu huingia ndani ya injini, maji hutoneka, na asidi iliyobaki katika oili chafu hula beringi kimya kimya. Kwa hiyo gari lililotembea kilomita 1,000 tu kwa mwaka mzima laweza kuwa na oili mbaya kuliko lile lililotembea kilomita 4,000 kwa miezi miwili.

Kusoma debe: namba za SAE

Kwenye debe la oili utaona herufi SAE pamoja na namba. Herufi hizo ni za chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, ambacho tangu mwaka 1911 kimekuwa kikipanga oili katika madaraja ya uzito. Uzito huo si ule wa mizani, bali ni wa kunata na kutiririka. Asali ni nzito. Maji ni mepesi.

Zamani oili nyingi zilikuwa na namba moja tu: SAE 20, SAE 30, SAE 40 au SAE 50. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. Tangu miaka ya 1950 zimeenea oili zenye namba mbili, kama 20W-50 au 15W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake injini ikisha kupata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za sentigredi. Oili ya 20W-50 basi ni nyepesi kiasi wakati wa kuwasha, na haipungui nguvu sana wakati wa joto.

Yafaa kukumbuka jambo moja. Oili ya 20W hupimwa kama yawezesha injini kuzungushwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi za Limuru, Molo na Nyahururu zina baridi ya kutetemesha, lakini hazifikii baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye injini kuukuu hapa Kenya hana haja ya kutafuta oili za 0W au 5W, ambazo zilikusudiwa injini mpya zenye nafasi ndogo sana kati ya vyuma vyake, na nchi zenye theluji.

Wako pia wanaodhani kwamba oili ikizidi kuwa nzito ndivyo inavyozidi kuwa bora. Hilo si kweli. Oili nzito mno huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea wakati huo wa kuwashwa. Tena hushindwa kupita upesi penye njia nyembamba, na oili isiyopita haipozi kitu. Uzito ufaao ni ule uliosemwa na mtengenezaji wa injini kwa joto la mahali gari linapotumiwa.

Kusoma debe: herufi za API

Alama ya pili ya kutafuta ni herufi mbili zinazofuata neno API. Hiyo ni taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya injini za petroli; ikiwa C, ni ya injini za dizeli. Herufi ya pili yaonyesha zamu ya oili hiyo: kadiri inavyoendelea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya siku za karibuni. SL ilikuja mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, na SP mwaka 2020.

Upande wa nyuma ni wa hatari. Oili ya SA haina dawa za kulinda injini, na taasisi hiyo yenyewe yaonya kwamba haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Oili ya SB haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1951. Ukikuta debe la bei rahisi mno lenye herufi hizo, au lisilo na herufi zo zote, liache dukani. Gari lako ni kuukuu, lakini si la mwaka 1930.

Oili mpya zaidi si lazima iwe bora kwa injini kuukuu

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi waliosoma. Husema, "SP ni ya siku za karibuni, basi ni bora kwa kila injini." Kwa injini nyingi neno hilo ni kweli. Kwa injini kuukuu lataka kuchunguzwa.

Katika injini za zamani kuna chuma kirefu kinachozunguka kiitwacho kemshafti. Kina nundu, na kila nundu husukuma tapeti bapa ili kufungua valvu. Nundu hiyo husuguana na tapeti kwa nguvu nyingi sana, hata utando wa oili huweza kukatika. Kinachookoa chuma hapo ni dawa yenye zinki na fosforasi iliyotiwa ndani ya oili. Dawa hiyo hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya chuma.

Motokaa mpya zimefungwa kifaa cha kusafishia moshi katika bomba lake, na fosforasi hukiharibu kifaa hicho. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa oili walipunguza fosforasi. Tangu SM ya mwaka 2004, oili nyepesi za petroli, kama 5W-30 na 10W-30, haziruhusiwi kuwa na fosforasi zaidi ya asilimia 0.08. Injini mpya haidhuriki, kwa kuwa nyingi zina tapeti zenye magurudumu madogo au hazisuguani kwa nguvu kama zile za kale. Lakini injini kuukuu yenye tapeti bapa, hasa baada ya kufungwa kemshafti mpya, yaweza kulika nundu zake.

Je, mwenye injini hiyo afanye nini? Asikate tamaa. Kipimo hicho cha asilimia 0.08 hakizifungi oili nzito, kama 20W-50 na 15W-40. Kwa hiyo oili ya 20W-50 iliyokusudiwa injini za zamani, au oili ya 15W-40 yenye alama zote mbili, za petroli na za dizeli, mara nyingi ina dawa hiyo ya kutosha. Oili ya dizeli ya CK-4, iliyoanza mwaka 2016, imewekewa mpaka wa asilimia 0.12. Soma maandishi ya nyuma ya debe. Mtengenezaji mwaminifu husema wazi kama oili yake yafaa injini za kale.

Oili ya kawaida na oili ya sintetiki

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Oili ya sintetiki huundwa kiwandani kwa kemikali, nayo yaweza kuvumilia joto kali na kukaa muda mrefu bila kuharibika. Bei yake ni kubwa.

Si kweli kwamba sintetiki huua kila injini kuukuu. Lakini injini iliyokaa miaka mingi na oili ya kawaida huwa na sili zilizokauka, na penye nyufa ndogo uchafu umeganda ukaziba. Oili mpya yenye dawa kali ya kusafisha huuondoa uchafu huo, na hapo oili huanza kuvuja mahali ambapo hapakuvuja. Tena uchafu ulioondoka huweza kwenda kuziba chujio. Kwa hiyo, ikiwa injini yako ina afya na umezoea oili ya kawaida nzuri, endelea nayo, uibadilishe kwa wakati wake. Ukinunua gari usilojua oili yake ya zamani, tia oili nzuri ya kawaida, tembea kilomita 500 hivi, kisha uimwage na kutia nyingine. Ile ya kwanza itatoka imebeba uchafu wa miaka.

Mfano wa kwanza: Kombi ya malazi

Sasa tutazame gari moja hasa. Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na tangu mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia kilianza kuifanyizia vifaa vya malazi. Injini yake, iliyo nyuma na kupozwa kwa hewa bila maji, ni ya jamii moja na ile ya motokaa ndogo ya Volkswagen iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Huko Brazil, Kombi ziliendelea kufungwa injini za kupozwa kwa hewa mpaka mwaka 2005. Kwa hiyo hata leo magari hayo yako njiani.

Injini ya Kombi ya 1200, 1500 au 1600 huchukua oili lita 2 na nusu tu. Motokaa nyingi za kupozwa kwa maji huchukua lita 4 au zaidi. Maana yake ni kwamba oili hiyo kidogo yafanya kazi kubwa: haina rejeta ya maji ya kuisaidia, bali yenyewe ni nusu ya rejeta. Tena injini hiyo haina filta ya oili. Ina chujio la waya tu, linalozuia vipande vikubwa, lakini haliwezi kuzuia uchafu mwembamba. Uchafu huo hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kumwaga oili. Ndiyo sababu kitabu cha gari hilo kilitaka oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000, yaani maili 3,000. Kombi za miaka ya 1970 zenye injini kubwa, za 1700, 1800 na 2000, zina filta, na filta hiyo lazima ibadilishwe pia.

Kuhusu uzito, SAE 30 yafaa katika joto la kiasi, na SAE 40 katika nchi za joto kali. Siku hizi mwenye Kombi akaaye Mombasa, Voi au Garissa, au apitaye huko mara kwa mara akiwa amepakia, aweza kutumia SAE 40 au 20W-50. Akaaye Nyeri au Kericho, na safari zake ni za karibu, atatosheka na SAE 30 au 15W-40. Asitie SAE 50 tupu kwa kutafuta usalama. Katika injini hiyo, oili ikiwa nzito mno huinua valvu ya kupunguza nguvu, na sehemu yake huruka kipozeo cha oili bila kupita ndani yake. Hivyo oili iliyotiwa ili kuzuia joto huishia kuikosa nafasi ya kupozwa.

Wakati wa kubadilisha, injini iwe na moto, ili oili itoke na uchafu wake. Chini ya injini kuna bamba la duara lililoshikwa kwa nati ndogo 6. Lifungue, utoe chujio la waya, ulioshe kwa mafuta ya taa na kulikausha. Tia gasketi mpya pande zote mbili. Ukaze nati kwa nguvu kidogo tu, kwa maana skrubu zake zimeshikwa na chuma laini, nazo zikichomoka, kazi ya nusu saa itakuwa kazi ya siku mbili. Tazama oili iliyotoka: ukiona chembe zinazong'aa, mwite fundi aangalie beringi kabla ya safari nyingine.

Usisahau kisafisha hewa. Katika Kombi nyingi za zamani kisafisha hewa kina oili chini yake ya kunasia vumbi, na oili ya injini ile ile ndiyo itumikayo. Katika njia za vumbi, kama zile za Amboseli na Turkana, oili hiyo hugeuka matope kwa siku chache. Vumbi likipita, husaga silinda kama msasa, wala hakuna oili duniani iwezayo kulizuia.

Mfano wa pili: gari la malazi la dizeli

Magari mengine ya malazi yamejengwa juu ya lori au basi dogo la dizeli. Hapo tafuta herufi C. Oili ya 15W-40 yenye alama ya CH-4, CI-4 au CK-4 yafaa injini nyingi kuukuu za dizeli katika nchi yetu. Usishtuke ukiona oili ya dizeli imekuwa nyeusi baada ya siku chache. Weusi huo ni masizi, na oili iliyo nyeusi yaonyesha kwamba inayashika masizi yasigande. La kushtua ni oili iliyo nyeupe kama maziwa, kwa maana hiyo ina maji, na gasketi ya kichwa cha injini yaweza kuwa imeharibika. La kushtua pia ni oili inayozidi kipimo bila kuongezwa, ikinuka dizeli. Hiyo imeingiliwa na mafuta kutoka kwenye pampu au nozeli.

Injini iliyochoka

Injini ikisha kuchoka hutoa moshi wa buluu, hula oili, na taa ya oili humulika ikinguruma polepole. Baadhi ya watu hununua chupa za dawa zinazoahidi kuifanya iwe mpya. Dawa hizo nyingi ni vitu vya kuongeza uzito tu. Oili nzito zaidi kwa daraja moja, kama kutoka 15W-40 kwenda 20W-50, yaweza kupunguza moshi kwa muda na kumpa mwenye gari nafasi ya kukusanya fedha za matengenezo. Lakini asijidanganye kwamba amemaliza shauri.

Taa ya oili ikiwaka gari linapokwenda, kanuni ni moja bila kubishana: zima injini mara moja, usimame pembeni. Usiseme, "Nitafika Mtito Andei, ni karibu." Dakika chache bila oili zatosha kuyeyusha beringi, na hapo familia itakesha njiani pamoja na gari lisiloweza kuwaka tena. Pima oili kwa kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza. Taa isipozimika, gari na livutwe.

Kubadilisha kwa kalenda

Mwenye gari la malazi ahesabu kilomita, tena ahesabu miezi. Hata kama gari halikutembea, oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka. Wakati ufaao zaidi ni kabla ya kuliweka gari lisimame, wala si baada yake, ili injini ilale na oili safi isiyo na asidi. Wakati wa kusimama, kuiwasha injini dakika mbili na kuizima ni kuidhuru, kwa sababu huzaa maji yasiyopata joto la kuyakausha. Ukiiwasha, liendeshe gari nusu saa au zaidi.

Katika safari, pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare. Oili isishuke chini ya alama ya chini, wala isizidi ile ya juu, kwa maana ikizidi huchafuka kwa mapovu na kusukuma sili.

Oili ya bandia na oili iliyotumika

Madebe mazuri hujazwa oili mbaya na wadanganyifu. Nunua kwa mwenye duka anayejulikana, au katika kituo cha petroli kinachoaminika. Tazama kama mfuniko haujafunguliwa, kama maandishi hayana makosa, na kama kuna alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine, jiulize nusu nyingine imetoka wapi. Na ukisha kumimina, toboa debe tupu, lisije likajazwa tena na kuuzwa kwa jirani yako.

Oili iliyotumika nayo ni sumu. Ikishika ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu yaweza kuleta kansa. Basi nawa mikono kwa sabuni, wala usiweke kitambaa chenye oili mfukoni. Usiimwage mtaroni, wala shambani, wala karibu na kisima. Iweke katika debe lenye mfuniko, uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Mambo ya kukumbuka

Kitabu cha gari ndicho mwalimu wa kwanza. Ukikipoteza, tafuta kingine cha mwaka ule ule wa gari lako. Soma SAE upate uzito, soma API upate namna. Kwa tapeti bapa, hakikisha zinki na fosforasi hazikupunguzwa mno. Badilisha kwa kilomita au kwa miezi, cho chote kitakachotangulia. Andika katika daftari tarehe, kilomita na jina la oili uliyotia, ili fundi ajaye, au mtu atakayelinunua gari hilo, asianze kwa kubahatisha.

Maswali ya kujijaribu

1. Kazi tano za oili ni zipi?
2. Katika 20W-50, kila namba yaonyesha nini?
3. Kwa nini oili ya 5W-30 iliyo mpya kabisa yaweza kuidhuru injini kuukuu yenye tapeti bapa?
4. Kwa nini Kombi isiyo na filta hutaka oili yake ibadilishwe mapema?
5. Gari limetembea kilomita 800 tu tangu mwaka jana. Je, oili yake ibadilishwe? Toa sababu.

Msomaji awezaye kuyajibu maswali haya bila kutazama nyuma aweza kwenda dukani bila hofu. Muuzaji atamwonyesha debe la bei kubwa, na la bei ndogo, na lile lenye picha ya motokaa ya mashindano. Yeye atalichukua lile ambalo injini yake ingelichagua kama ingekuwa na kinywa.